Dereva Si Mgeni

Barbal, Hunza
6 Septemba 1985

Shemeji Zawar,

Ya Ali madad. Sisi wazima, mama yako mzima na ulimi wake mzima zaidi, ng'ombe amezaa, na aprikoti za mwaka huu zimekauka kabla mvua haijatuharibia. Habari ndefu nitakuandikia siku nitakayokosa kazi, yaani siku nitakayozikwa.

Nina mambo mawili. La kwanza, binti yetu Nigar ameposwa. Kijana ni Farman Karim wa Ghamesar, kule juu ng'ambo ya mto, anafundisha hesabu. Wazee wamekubali. Nigar alikubali kabla ya wazee, ila hilo tumejifanya hatulijui. Ataolewa siku ya harusi pamoja na mabibi harusi wote wa Barbal, tarehe 28 Novemba. Siku hiyo unaijua, ni moja tu kwa mwaka na haimngoji mtu.

La pili ni gari la kaka yako. Lile jeep lipo bandani pale pale alipoliacha Daulat msimu ule kifua kilipomshinda, miaka tisa sasa, nyasi juu yake na trei za aprikoti juu ya nyasi. Nataka liwake. Nataka Nigar atoke nyumbani kwa baba yake kwa gari la baba yake, ashuke mpaka darajani, avuke, apande hadi mlangoni kwa mumewe. Wewe ni fundi Karachi, watu wanakulipa ili uwaambie la kufanya. Niambie na mimi nianzie wapi.

Usiniandikie kwamba haiwezekani. Karatasi ya kusema hivyo ifungie maandazi.

Shemeji yako,
Mehrnuma


Karachi
17 Septemba 1985

Shemeji Mehrnuma,

Barua imefika na doa la siagi, nikajua imetoka nyumbani kabla sijaifungua. Nigar kuolewa! Nilipoondoka alikuwa akinivuta masharubu. Mwambie baba yake mdogo ameruka kwa furaha akagonga kichwa kwenye boneti ya mteja.

Sasa gari. Inawezekana. Lakini nisikilize kwa masikio yote mawili: usiliwashe. Injini hazifi kwa kulala, zinauawa siku ya kuamshwa.

Kwanza lisukumeni nje. Msije mkaliwasha ndani ya banda, moshi wa gari unaua ng'ombe na watu bila kupiga hodi. Wekeni mawe mbele na nyuma ya kila tairi. Fungua chujio la hewa utoe panya. Sitanii, panya watakuwepo. Mwaga oili yote ya zamani utie mpya. Mwaga na petroli yote iliyobaki, mbali na jiko na mbali na wavuta tumbaku, halafu tangi lishushwe lioshwe, maana ndani kutakuwa na kutu na uji. Mipira ya kupitisha petroli ikiwa na nyufa, badilisha yote, hata ule unaokuambia bado mzima.

Kisha fungua plagi. Kila tundu litie kijiko cha oili safi, uache siku kadhaa. Baada ya hapo, plagi zikiwa bado nje, zungusha injini kwa hendeli, polepole. Ikigoma usishindane nayo, ongeza oili usubiri. Na anayeshika hendeli aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asikizungushe upande wa pili. Injini ikirudisha teke, gumba ndilo linalovunjika.

Breki ziache za mwisho, nitakuandikia. Gari lisilowaka halijawahi kuua mtu. Lisilosimama ndilo linaloua, na mteremko wa kwenda darajani unaujua.

Halafu umeniambia yote isipokuwa moja. Dereva ni nani?

Zawar


Barbal
30 Septemba 1985

Shemeji,

Limewaka!

Nimefuata kila ulichosema, na pale nilipokiuka sikuambii. Ndani ya chujio la hewa mlikuwa na ukoo mzima wa panya, pamoja na soksi ya Daulat niliyomgombeza kwa kuipoteza. Nimekwenda kaburini nikamwomba radhi. Petroli ya zamani ilinuka hata mbuzi wakahama. Hendeli ilishikwa na jirani yetu Nazar Shah, nikamsomea habari ya kidole gumba, akasema yeye ameshika jembe tangu utotoni, hafundishwi kushika chuma na barua. Sasa gumba lake limefungwa vijiti viwili na lina adabu kuliko yeye.

Betri tuliazima kwenye trekta la ushirika. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili likakohoa. Mara ya tatu likanguruma, moshi mweusi ukatoka na majani ya miaka tisa, na Mama Khoban naye alikuwa ameshatia mbegu za kufukiza kwenye makaa analizunguka gari kwa dua. Gari likatoa moshi wake, mama yako akatoa wake, hatukuonana kwa muda mrefu. Nilisikia sauti tu ya Nigar ikicheka. Nikalia kidogo humo humo ndani ya moshi, na kila mtu akadhani ni moshi.

Breki ndizo zimebaki. Ukikanyaga, mguu unazama mpaka chini kama kwenye tope, na kile kikopo cha mafuta ya breki ni kikavu kabisa. Usihangaike sana, Mama anasema anayo dawa.

Umeuliza dereva. Dereva yupo. Hanywi, havuti, hakimbizi gari na hajamtukana mtu barabarani hata siku moja. Wewe ukijilinganisha naye utaona aibu.

Naishia hapa. Kesho alfajiri nakwenda Gilgit kung'olewa jino.

Mehrnuma


Karachi
11 Oktoba 1985

Shemeji,

Nimesoma habari ya Nazar Shah kwa sauti gereji nzima, mafundi wamecheka mpaka tajiri akatoka ofisini. Mpe pole yangu, kisha mwambie nilisema.

Hongera kwa injini. Sasa punguza furaha. Matairi ya miaka tisa hayafai hata kama yanapendeza, ubavuni yatakuwa yamepasuka nyufa ndogo ndogo. Hapo Gilgit kuna wauzaji wa matairi ya jeshi yaliyotumika kidogo, mtume mtu mwenye macho.

Tena nimeliona neno moja katika barua yako na halikunipa usingizi. Mama ana dawa gani? Shemeji, dawa gani? Breki hazitaki dawa ya mtu. Ndani yake mna vipira vidogo, ndivyo vinavyosukuma, na vipira hivyo vinapatana na mafuta yao wenyewe tu. Usitie kitu chochote. Natafuta vipira vipya vya gari lile, si rahisi kupatikana, ila nitavipata.

Dereva ni Rahmat mwana wa mwalimu? Kama ndiye, sikubali. Yule alimwangusha punda kwenye barabara iliyonyooka.

Pole na jino.

Zawar


Barbal
13 Oktoba 1985

Shemeji,

Barua yako ya breki haijafika na siku zinakimbia, basi tumejitibu wenyewe. Breki zimekubali!

Mama Khoban alinisimamisha jikoni akaniuliza, "Hicho kikopo kinataka nini?" Nikamwambia kinataka mafuta. Akasema, "Mafuta si haya?" Akanyanyua mtungi wake wa mafuta ya mbegu za aprikoti. Nikamwambia Mama, Zawar anasema breki ni mambo ya kitaalamu. Akaniambia, "Zawar nilimkanda kwa mafuta haya alipozaliwa amepinda miguu. Nikamtia masikioni, nikampikia, nikamwashia taa yake ya kusomea. Bawaba za nyumba hii zinakula mafuta haya na goti la marehemu mume wangu lilikula mafuta haya. Yamlee fundi, yashindwe na kipande cha bati?"

 Wewe ungemjibu nini?

Tukatia. Tukatoa upepo uliobaki kwenye mabomba kama nilivyomwona Daulat akifanya, Nigar akikanyaga, mimi nikiwa chini na spana. Breki zikawa ngumu, imara, ukigusa tu gari linasimama wima kama mbuzi aliyeona kamba. Limezungushwa uwanja wa polo mara nyingi, watoto wakilikimbilia nyuma, halikukosea hata mara moja. Mama anasema nikuandikie kwamba Karachi hamna mafuta kama haya, ndiyo maana magari yenu yanagongana.

Matairi nilishapata nilipokwenda kung'oa jino.

Mehrnuma


Karachi
24 Oktoba 1985
Kwa mkono wa Muhabbat wa basi

Shemeji,

Lisimamishe gari. Kama unasoma hii ukiwa ndani yake, shuka.

Sikuandikii kwa utani leo. Mafuta ya Mama ni mazuri kwa mtu, kwa vipira vya breki ni sumu. Siku ya kwanza breki hukamata vizuri kuliko zilivyopata kukamata, hapo ndipo watu wanapodanganyika. Vipira vinakunywa mafuta, vinavimba, breki zinakamata zenyewe bila kukanyagwa na haziachii. Magurudumu yanapata moto. Vipira vikishalainika vinajipindua, na siku moja ukiwa kwenye mteremko unakanyaga, hakuna kitu. Nimelivuta gari la namna hiyo kutoka korongoni. Sitakueleza lililokuwa ndani.

Nimempa Muhabbat, anayeendesha basi la kuja huko, barua hii mkononi, nikamwapisha kwa mkate asiitie kwenye mfuko wa posta. Nimemwambia akikuona tu apige kelele "shukeni kwenye gari," mengine baadaye.

Sasa sikia la furaha. Nimepata vipira, seti nzima, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya jeshi. Tena tajiri amenipa likizo. Nimekata tiketi ya treni ya tarehe 14 Novemba, nitakuja navyo mfukoni, nitafunga breki kwa mikono yangu, na nitamwendesha Nigar mimi mwenyewe mpaka Ghamesar. Daulat hayupo, baba yake ni mimi. Huyo dereva wako asiyetukana watu mwambie apumzike.

Mama asilaumiwe. Miguu yangu kweli ilikuwa imepinda.

Zawar


Barbal
3 Novemba 1985
Kwa mkono wa Muhabbat

Shemeji yangu Zawar,

Muhabbat alisimamisha basi katikati ya barabara, abiria wote ndani, akaja mbio mpaka zizini akinipigia kelele "Shukeni kwenye gari!" Nilikuwa nakamua ng'ombe. Ng'ombe alipiga ndoo teke, maziwa yote yakamwagika, na mpaka leo akimwona Muhabbat anageuza mgongo.

Gari lilikuwa limeshasimama kabla yake. Tulikuwa tunapeleka ngano kinuni, likaanza kuwa zito kama linavuta mti, kisha harufu ya kuungua ikaja. Nikasimama pale pa tambarare juu ya mteremko wa mto, nikagusa gurudumu la mbele, likaniunguza vidole. Mita chache mbele yangu njia ilikuwa inaanza kushuka na Nigar alikuwa amekaa nyuma juu ya magunia. Tuliweka mawe, tukaja kulivuta kwa ng'ombe wawili. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule niliamka mara mbili nikaenda kuligusa lile gurudumu.

Umenisoma vizuri? Nimeandika "nikasimama." Nimeandika "mbele yangu."

Dereva ni mimi.

Daulat alinifundisha. Majira ya baridi, uwanja wa polo ukiwa mtupu, alinikalisha kwenye usukani akazunguka na mimi mpaka nikaweza kurudi nyuma kati ya ndoo mbili. Alisema mke wa dereva asiyejua kuendesha ni kama mke wa mwokaji anayelala njaa. Na jino langu lipo, linakusalimu. Gilgit nilikwenda kuchukua leseni. Yule ofisa alinizungusha mjini kutwa nzima akingoja niharibu, mwisho akatia mhuri akanuna. Nilirudi nimejifunga kitambaa shavuni, mama yako akanipikia uji wa mgonjwa siku mbili, nikaunywa.

Sasa nakuambia neno gumu. Usije.

Unajua desturi yetu. Mama wa bibi harusi hamsindikizi mwanawe. Baba zake wadogo watakwenda, wajomba watakwenda, Nazar Shah na gumba lake atakwenda. Mimi nitasimama mlangoni nimpe mkate na siagi, nimwangalie akishuka kule chini mpaka awe mdogo, kisha niingie ndani nioshe vyombo vya wageni. Mama yangu alifanya hivyo, alikaa mwaka mzima hajaona nyumba ninayolala. Mama Khoban alifanya hivyo kwa dada zako wawili. Hakuna aliyewakataza kwa fimbo, ndivyo ilivyo tu.

Lakini dereva si mgeni. Dereva hahesabiwi kwenye msafara, hakuna anayemuuliza wewe ni nani wa bibi harusi. Anakwenda kwa sababu gari haliendi bila yeye. Nililiona hilo siku moja nikiondoa trei za aprikoti juu ya boneti, na tangu siku hiyo sijalala vizuri kwa furaha.

Ukija, Zawar, usukani ni wako. Wewe ni mwanamume, fundi, tena baba mdogo. Hata mimi nitaona haya kukuomba unipishe mbele za watu, nawe utaona haya kukubali. Nitabaki mlangoni na siagi mkononi. Nataka kumfikisha mwanangu. Nataka kuona mlango atakaoingia una kizingiti cha namna gani.

Nitumie hivyo vipira na unieleze kila kitu kwa taratibu. Mikono yangu ni mizuri, umeshaiona kazi yake. Kosa la mafuta sitalirudia na wala sitaliogopa.

Nimekuomba. Mimi siombi mara nyingi, unajua.

Mehrnuma


Karachi
10 Novemba 1985
Kwa mkono wa Muhabbat, pamoja na kifurushi

Shemeji,

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikakasirika. Nikasema huyu mwanamke amekaa miaka tisa na siri ya usukani, amemdanganya mama yangu kwa uji, sasa ananifukuza harusini kwa binti wa kaka yangu. Nikaisoma mara ya pili baada ya kula. Mara ya tatu nikakumbuka dada yangu mkubwa alipoolewa, mama aliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza kwa nini anaviosha tena, akanipiga kofi.

Nimerudisha tiketi. Nilitamani sana kuja. Nakuambia hivyo si kukuhuzunisha, ni ili ujue sikuachia kitu kidogo.

Sasa fungua macho. Katika kifurushi mna vipira vya masta silinda, ile pampu ya pale kwenye kikopo, vipira vya magurudumu yote manne, na chupa mbili za mafuta ya breki. Usibakishe kipira hata kimoja cha zamani. Fungua kila gurudumu, toa kila kitu, na mabomba yote yasafishwe ndani kwa spiriti, si petroli, petroli nayo inaharibu. Nenda zahanati ukaombe. Wakikosa, muulize Mama yale maji ya matunda pori, pombe kali ya marehemu baba. Atakana. Mwambie yako nyuma ya pipa la unga, Zawar ameyajua tangu ana miaka kumi. Mimina kidogo kwenye kijiko uwashe kiberiti mbali na gari. Yakiwaka moto wa bluu mpaka kijiko kikauke, yanafaa. Pitisha kwenye mabomba, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli mpaka yakauke kabisa.

Vipira usivipake chochote ila mafuta haya ya chupa. Mikono ioshwe kwanza, na Mama asisogee na mtungi. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo, umalizie la karibu. Nigar akanyage taratibu na akuambie "chini" kila anapofika chini, wewe ndipo ufungue, na ufunge kabla hajaachia. Kikopo kisikauke katikati ya kazi.

Ukimaliza usikimbilie darajani. Pakia mawe yenye uzito wa msafara mzima. Jaribu kwanza uwanjani, kisha kilima kidogo chenye tambarare chini. Kila ukirudi, sogeza mgongo wa mkono kwenye kila gurudumu, lisiwe la moto kuliko wenzake. Handibreki iweze kulishika gari peke yake kilimani. Siku yenyewe shuka kwa gia ndogo, injini ikusaidie, usiining'inie breki njia nzima. Na darajani abiria wote washuke wavuke kwa miguu, hata bibi harusi, hata Nazar Shah akibisha. Gari livuke na dereva peke yake.

Nimetia karatasi nyingine kwa ajili ya Mama na wazee, Nigar awasomee. Nimeandika kwamba gari la kaka yangu siku ya harusi litaendeshwa na shemeji yangu kwa sababu mimi fundi wake nimesema hivyo, na mwenye neno aje aniambie Karachi, nauli juu yake.

Zawar


Barbal
30 Novemba 1985

Shemeji yangu Zawar,

Ya Ali madad. Nigar amefika.

Nianze na breki maana najua ndizo unazozitafuta kwenye karatasi hii. Zilishika njia yote, hazikuvuta, hazikupata moto. Vipira vya zamani vilipotoka vilikuwa vimevimba kama zabibu kavu zilizolowekwa. Mama Khoban alivitazama mkononi mwangu akasema, "Basi mimi sijui chuma," akaenda zake. Zahanati hawakuwa na spiriti. Nilipomtajia pipa la unga alikana kwa kiapo, nikamwambia umesema wewe, akaenda akarudi na chupa chini ya shali. Yaliwaka bluu. Alisikitika yalivyokuwa yakipita kwenye mabomba, akasema angalau gari la Daulat limekunywa na baba yake.

Karatasi yako Nigar aliisoma mbele ya wazee. Babu Sangi Khan alianza kusema kwamba haijapata kuonekana. Mama Khoban akamkata kauli: "Hata mimi haijapata kuonekana nikikaa kwenye gari la harusi, na kesho mtaniona. Anayeogopa kuendeshwa na mkwe wangu atembee." Siku ya harusi akaingia kiti cha nyuma tangu asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, akagoma kushuka. Kwa hiyo mama yako naye amesindikiza, Zawar. Mara ya kwanza katika umri wake. Nilimuuliza yeye amekwenda kama nani. Akasema, "Mzigo."

Mlangoni mkate na siagi alitoa dada yangu. Mimi nilikuwa kwenye usukani, injini inanguruma, sikumtazama Nigar mpaka alipoingia. Alikaa mbele, kando yangu, akanishika goti kama alivyokuwa akifanya utotoni, kisha akaliachia kwa sababu ndilo goti la breki. Tulishuka kwa gia ya kwanza. Darajani walishuka wote isipokuwa mama yako, aliyesema mzigo hauvuki kwa miguu. Nilimbembeleza, kisha nikamtisha kwa jina lako, akashuka.

Ghamesar walikuwa wamejipanga uani na ngoma. Nilizima gari nje ya ukuta. Bibi Sadaf, mama yake Farman, akaja na sahani ya unga, akampaka Nigar begani, akampokea. Mlango wao ni mfupi, wa mti wa mlozi, kizingiti kirefu, na Nigar aliinua mguu wa kulia bila kuambiwa. Nimeuona. Halafu watu wote wakaingia, mama yako wa kwanza, na mimi nikabaki kwenye gari kama dereva yeyote. Sikuwa na kinyongo. Nilichokuja kufanya nilikuwa nimekifanya.

Mara nikaona Bibi Sadaf anatoka peke yake na sahani ya nyama na mkate. Akazunguka upande wa pili wa gari, akafungua mlango, akapanda kwa shida, akakaa pale alipokuwa amekaa Nigar. Akasema, "Kwetu dereva hali peke yake." Nikamwambia wageni wako ndani. Akasema, "Wageni wana watu wengi wa kuwatazama." Tukala sahani moja. Hatukuitana wakwe. Katikati ya kula akaniambia bila kunitazama, "Binti yangu mimi aliolewa bonde la Nagar miaka minne iliyopita, mlango wake sijauona. Njia ya kule gari linapita?"

Nikamwambia linapita. Tumepanga nimpeleke Alhamisi.

Jioni nilirudi peke yangu, Mama alibaki kula. Nilipofika darajani kilio kikanishika, si cha moshi safari hii. Daraja letu unalijua, lina mbao nne tu za kukanyaga na mto uko chini, huwezi kulia na kuendesha kwa pamoja. Basi nikavuta handibreki, nikazima injini, nikaweka mawe kwenye matairi, nikakaa juu ya jiwe nikalia mpaka nikatosheka. Kisha nikatoa mawe, nikavuka.

Mehrnuma